Jua Linazama Kwenu

Ujumbe wa Kaneza uliingia kwenye simu yangu nikiwa nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Ulikuwa mfupi, kama mazungumzo yake yalivyokuwa siku zote: mama yake amefariki, wamekwisha kumzika, kilio kitafungwa Jumamosi kule Rumonge, na nikipata nafasi nivuke ziwa, kwa sababu na mimi nilikula chakula cha mikono yake. Kinyozi aliniuliza kama aendelee, nikamwambia aendelee, lakini sikuangalia kioo tena. Mke wangu ndiye aliyeniambia jioni kwamba upande mmoja umebaki juu kuliko mwingine. Nilipomweleza ni msiba wa nani, alikwenda jikoni kuchungulia chungu, kisha akarudi kuniuliza kama nina shati safi la kuvukia. Mke wangu anamjua Kaneza kwa jina. Watu wa rika letu hapa Baraka wengi wanalijua jina hilo, na wenye ulimi mrefu bado wananichokoza nalo, ingawa mvi zimeshaingia na tumbo linanitangulia kila ninapokwenda.

Habari za wazazi wangu na shule niliyosoma nitaziacha. Hazina utamu, na ndugu zangu watazibishania. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliojifunza kutia kivuli kwenye picha za karo, yaani za vijumba vya kutarizia, na ambao kuanzia masika mpaka masika nilikuwa nikitaka jambo moja peke yake: Kaneza abaki Baraka. Mimi, Wilondja, nilikuwa kijana wa kazi katika sekretaria ya Papa Asukulu, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili karibu na barabara inayoteremka sokoni. Chumba cha mbele kilikuwa cha kufotokopi, kupiga chapa barua kwa mashine na kuchaji simu. Simu za watu zililala kwenye ubao mrefu, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina, nazo zililia zote kwa pamoja mara mtandao uliporudi. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta moja nzuri, betri mbili sakafuni, na dirisha lililotazama uani. Uani ndiko alikokaa Mama Riziki, mke wa Papa Asukulu, pamoja na bamama wenzake wa kanisa, wakitarizi vitambaa vya meza na vya kufunikia viti. Maneno yao yote yaliingia dirishani, na mengine nadhani yalitupwa makusudi ili yaingie.

Kaneza alitoka kambi ya Lusenda. Kabla ya kukimbia Burundi alikuwa amefanya kazi katika nyumba ya uchapaji Bujumbura, ingawa kwao hasa ni Rumonge, pwani ya pili ya ziwa, na Papa Asukulu alimchukua kwa sababu fotokopi yetu ilikuwa inakula karatasi na mimi nilikuwa naipiga mateke. Yeye hakuipiga. Aliifungua, akaifuta, ikanyamaza. Siku za kazi alilala kwa Mama Riziki, na Jumamosi alipanda pikipiki kurudi kambini kwa mama yake. Yeye ndiye aliyewaambia bamama kwamba wasihangaike kunakili maua kutoka vitambaa vya zamani, kwa sababu kompyuta inaweza kuchora picha kwa vijumba vidogo vya mraba, na kila kijumba kikawa chomo moja la sindano. Mama Riziki aliviita karo, kama karo za sakafu au za daftari la hesabu, na jina likakaa. Mwanzoni picha zilikuwa bapa. Samaki alikuwa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kaneza akaanza kutia kivuli, samaki akanenepa, na bamama wakataka kila kitu kinenepe.

Nami nikataka kujifunza. Nikisema nilivutwa na sanaa peke yake nitakuwa natia chumvi. Kitu cha kwanza nilichojipa kilikuwa ngazi, tunda la mchikichi, kwa sababu Fizi nzima inanuka mawese na niliona kitu nilichokijua tangu utoto hakiwezi kunishinda. Ngazi iliyoiva ina weusi kichwani na rangi ya machungwa chini. Nikajaza karo za machungwa, nikaweka nyeusi juu, kisha nikazungusha nyeusi nyingine pembeni kote, kama mtu anayepaka rangi ukingo wa nyumba. Niliona nimemaliza, nikaegemea kiti nikingoja sifa. Kaneza alisogea, akaangalia, akafunika mdomo kwa kitenge.

"Umechora muto ya kulalia," akasema. "Jua yako iko wapi?"

Sikuwa na jua. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na alinieleza polepole huku akifuta karo zangu moja moja: nimeweka giza pande zote, kwa hiyo mwanga unatoka kwenye pua yangu mwenyewe. Tena nimechanganya mambo mawili. Weusi wa kichwa cha ngazi ni ngozi yake, haubadiliki hata ukiigeuza. Kivuli ni kitu kingine, hicho kinategemea jua lilipo. Ngazi ina weusi wa kuzaliwa na weusi wa kupita. Nilicheka kwa sababu ilionekana kama mafundisho ya katekista, lakini nilipojaribu kutenganisha weusi huu na ule ilinichukua siku nyingi, na kila siku alikuja nyuma ya kiti changu na swali lile lile, jua yako iko wapi, mpaka bamama wa uani wakalifanya salamu. Nikipita na ndoo, mmoja wao alikuwa ananiuliza jua langu liko wapi, na wengine wanajibu kwa niaba yangu kwamba liko chumba cha nyuma, linatengeneza mashine.

Kulikuwa na shida moja ambayo bado naifikiria. Kompyuta ilikula umeme wa paneli ya jua iliyokuwa juu ya bati, na betri za Papa Asukulu zilikuwa zimezeeka. Tulichora mchana tu, jua likiwa utosini, saa ambayo Baraka haina kivuli hata cha kuku. Vivuli vizuri vilikuja jioni, wakati betri zimekwisha kulia na kioo cha kompyuta kimezimika. Basi Kaneza alinitoa nje. Tulisimama barabarani tukatazama ukuta wa duka, beseni la muuza ndagala, yaani dagaa, mgongo wa mtu anayefunga mzigo, na aliniambia nishike kwa kichwa: wapi pamewaka, wapi panaanza kufifia, wapi ni zambarau. Ndiyo, zambarau. Alinikataza nyeusi kabisa. Alisema kivuli kina rangi kama kitu chochote kingine, na nikitazama bila haraka nitaiona, na kweli siku moja niliiona chini ya beseni. Kesho yake mchana tulikaa tukachora jioni ya jana. Papa Asukulu alituambia kwamba mchumia juani hulia kivulini, akacheka peke yake, kwa sababu sisi tulikuwa tunachuma jua kwenye bati ili tutengeneze kivuli chenyewe. Mimi sikujali. Nilikuwa nimepata sababu ya kusimama na Kaneza kila jioni mbele ya watu wote, na hakuna aliyeweza kusema si kazi.

Mchana Mama Riziki alitupakulia ndani, bugali na sombe ya majani ya mihogo, au bugali na ndagala zilizokaangwa kwa mawese mpaka zikawa na sauti mdomoni. Kaneza alikula taratibu na alikuwa na tabia ya kumega tonge dogo mno, nasi tukamtania kwamba Warundi wanapima chakula kwa karo. Siku moja nilibaki nikiosha mikono nyuma ya ukuta, nikasikia Papa Asukulu akimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Ule mutoto atatubebea Wilondja." Mama Riziki akajibu, "Atamupeleka wapi? Yeye mwenyewe hana fasi." Wala hakusema kwa ubaya. Alimpenda Kaneza, alimpa kitanda karibu na chake. Lakini neno lile lilinifurahisha, na leo nikilikumbuka nashangaa jinsi lilivyonifurahisha. Nilifikiri mtu asiye na mahali ni rahisi kumpa mahali.

Alinipeleka Lusenda Jumamosi moja, nami nikabeba chupa ya mawese kama mtu anayekwenda kuomba jambo. Mama yake alikuwa mwembamba, mrefu, na nyumba yao ya turubai ilikuwa imefagiliwa hadi mchanga umeonyesha mistari ya fagio. Alitupikia maharage, akayamiminia mawese yale yale niliyoleta, na aliniangalia nikila kama anayehesabu kila ninachomeza. Nilikula sahani ya pili kwa kumpendeza, na ya tatu kwa sababu yalikuwa matamu kweli. Alasiri jua lilipogusa milima nyuma ya kambi, lilikwisha mara moja, kama linavyokwisha kwetu sote tunaokaa upande huu: milima ni mirefu, iko mgongoni, na saa ambayo mbingu bado ni nyeupe sisi tumekwisha kuwa kwenye ubaridi. Mama yule akageuza kigoda chake, akautazama mlima kama mtu aliyedhulumiwa. "Hapa jua inakimbiaka," akaniambia. "Kwetu inaagaka kwanza." Nikacheka kwa heshima. Nilifikiri ni mazungumzo ya wazee, ambao kwao kila kitu cha nyumbani ni kikubwa, hata mihogo.

Kisha habari za kurudi zikaanza. Zilikuja kwanza dirishani, kwa bamama, kabla Kaneza hajatamka: kwamba Lusenda watu wanajiandikisha, kwamba malori yatawapeleka mpaka Uvira na kuvuka mpaka, kwamba wengine wanasema kule kumetulia na wengine wanasema uongo mtupu. Kaneza alikuwa anachora huku anasikia. Mama mmoja alimuuliza kupitia dirishani kama naye ataenda, akajibu kwamba mama yake anataka. Hakusema yeye anataka nini. Mimi nilikuwa pembeni nikihesabu karo kwenye karatasi, nikapotea hesabu. Siku zile nilishindwa kula vizuri. Nilimwogopa kila mtu aliyetoka kambini na habari, na nilipoona lori lolote barabarani nilitaka lipasuke magurudumu.

Mwanamume mwingine angesema neno. Kwetu Wabembe mtu hutuma wajomba kuposa, lakini ningewatuma wapi, kambini, kwa mama wa kigoda kimoja? Nikafanya nilichokuwa nimejifunza. Nilichora nyumba, kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, kama mtu aliyesimama Baraka akiangalia upande wa Nundu, kaskazini: milima kushoto, ziwa kulia, na katikati nyumba ya matofali yenye bati, mlango wazi, na mbele ya mlango viti viwili. Niliweka rangi bapa tu. Sikutia kivuli hata karo moja. Nikamwita, nikampa kiti, nikamwambia hii nyumba nimeshindwa, aitie kivuli yeye mwenyewe, anavyoona.

Aliangalia viti vile muda mrefu. Hakucheka, wala hakufunika mdomo. Akasema sawa, ila nisimharakishe, na nisiangalie mpaka amalize. Kwa hiyo nilihamia chumba cha mbele, nikapiga chapa barua za watu kwa makosa mengi kuliko kawaida, na kila mchana niliona mgongo wake kupitia mlango, umeinama, na kila jioni alitoka peke yake akasimama njiani akitazama kuta. Mama Riziki alielewa. Aliniongezea mchuzi bila kuombwa.

Siku aliyoniita, paneli ilikuwa imejaa jua na kioo kiling'aa. Sitaweza kueleza vizuri jinsi nyumba ile ilivyokuwa. Ukuta ulikuwa na joto. Bati lilikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu, kisha likateremka taratibu, karo kwa karo, mpaka zambarau. Viti vilisimama kweli. Ungeweza kuvuta kimoja ukakaa. Nikawaza amekubali. Halafu, kwa kuwa alikuwa amenifundisha vizuri, jicho langu lilitafuta jua. Mwanga ulitoka kulia, ziwani. Vivuli vya viti vililala kuelekea milimani.

"Hii ni asubui?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni magaribi."

Nikamwambia kwa upole, kama mwanafunzi aliyemkuta mwalimu amekosea, kwamba magharibi jua liko mlimani, ziwani linatoka asubuhi tu, kila mtoto wa Baraka anajua. Aliinua uso.

"Kwenu, ndiyo. Kwetu, Wilo, jua inazamaka kwenu." Kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo, juu ya kiti kimoja. "Nilijaribu kuiweka ku mulima. Siku tatu. Nyumba ikawa ya mutu mwengine."

Nilitazama picha tena, nikaelewa kwamba swali langu la viti viwili limekwisha kujibiwa. Hakuwa amekosea. Mtu yule hakukosea mahali pa jua tangu nimjue. Nyumba aliyoweza kuishi ndani yake ilikuwa pwani ya pili, na alikuwa ameijaribu ya kwangu kwa uaminifu wote, kwa rangi zote alizokuwa nazo, na haikukubali. Nilimwambia picha ni nzuri sana. Niliumia kiasi kwamba nilitoka nikaenda kusimama kwenye ubao wa simu, nikajifanya natafuta ya mtu.

Mama Riziki aliichapisha picha ile kwenye karatasi, akaigawa, bamama wakaitarizi kwa zamu, kila mmoja na upande wake, wakahesabu karo kwa midomo kama watu wanaosali rozari. Hakuna aliyesema jua liko upande mbaya. Kitambaa kilimalizika kabla ya malori, wakampa Kaneza. Siku alipokwenda, nilipanda pikipiki mpaka Lusenda kumsaidia kubeba. Mizigo ilikuwa michache, na mama yake alitaka kigoda kiwekwe juu kabisa ili kisivunjike. Tuliagana mbele ya watu, kwa mikono. Nilitaka kumwambia kwamba nitakuja, lakini niliona nitakuwa namfunga. Lori lilipoondoka, mama yake peke yake ndiye aliyenipungia, akiwa ameshikilia turubai kwa mkono mwingine.

Nilioa baadaye, na nimeoa vizuri. Hilo naliandika bila kulazimishwa. Papa Asukulu amefariki, sekretaria sasa ni duka la simu, na kompyuta ile ilikufa na betri zake. Lakini kuna jioni, nikifunga mlango, milima ikishamaliza jua, ambapo nageuka kutazama ziwa. Kule mbali, juu ya rasi ya Ubwari, mawingu yanakuwa bado yanawaka. Mwanga ambao kwetu umekwisha, unakuwa kule bado unafanya kazi. Miaka yote hii nimejua jambo hilo, na nimelitazama karibu kila siku, na sikuwahi kuvuka kwenda kuliona.

Safari hii nilivuka. Boti ilituacha Rumonge mchana, na mtoto wa Kaneza, binti mwenye macho ya bibi yake, alinipokea. Mume wa Kaneza alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia amenisikia sana. Tulifunga kilio kwa sala, chakula na maneno ya wazee, na mimi nilipewa nafasi ya kusema. Nikasema juu ya maharage, watu wakacheka, wakalia. Watu walipoanza kutawanyika nilitoka nikateremka kidogo kuelekea ufuoni, kupumua. Niliporudi, jua lilikuwa limeshuka. Lilikuwa juu ya maji, nyuma yangu, kubwa, halina haraka yoyote, na chini yake kulikuwa na mstari wa bluu wa milima. Milima ya Fizi. Kwetu.

Mbele yangu kulikuwa na nyumba. Ilikuwa ya matofali na bati, kama nyingine. Ukuta wake wa upande wa ziwa ulikuwa umewaka wote, na bati lilikuwa na ule mstari mwembamba, kisha likateremka, karo kwa karo, mpaka zambarau. Mbele ya mlango palikuwa na kiti kimoja na kile kigoda. Kwenye kigoda walikuwa wametandika kitambaa cha bamama wa Baraka, na kilikuwa kimechujuka kwa jua la jioni nyingi, hata hukuweza kutofautisha ukuta na kivuli chake. Kaneza alitoka mlangoni akifuta mikono, amenenepa, ana miwani, akanikuta nimesimama kama mtu aliyepotea njia. Alitazama nilichokuwa nikitazama. Akaniambia kwamba mama yake alikaa pale kila magharibi, akawa anasema, Wilondja sasa hivi ameingia kwenye giza, sisi bado.

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Ulikuwa msiba, yaliruhusiwa.

"Wilo," akasema Kaneza, kwa sauti ile ya nyuma ya kiti. "Jua yako iko wapi?"

"Iko kwetu," nikajibu.

Akasogea kando kunipisha, akasema niingie, chakula kinapoa. Nilitazama chini. Kivuli changu kilikuwa kirefu, kilikuwa kimevuka kizingiti zamani, kimelala ndani ya nyumba yake mpaka ukutani, na mimi nilikuwa bado nimesimama nje.